Folda ya kushea ofisini inafunguka kwa kusuasua ila kukopi kuko fasta, tupo Mtwara, naombeni mawazo kabla hatujanunua seva

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za majukumu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nahudumia kompyuta za ofisi moja hapa Mtwara mjini, inashughulika na mambo ya ghala la korosho, jina nitaliacha. Kuna mashine 14. Seva yenyewe siyo ile seva ya kazi, ni desktopu ya Windows 10 imewekwa kona, ina folda moja imesheiwa, humo ndani kuna karatasi za mizani, hati za malipo, stakabadhi zilizoskaniwa, yaani ofisi nzima inaishi humo. Mashine nyingine ni mchanganyiko, Windows 10 ndio nyingi, 11 ziko mbili na 7 mbili za zamani ziko kwenye mizani kwa sababu programu ya mizani haikubali kwingine. Zote zinaingia kwenye swichi moja halafu ruta ya laini ya simu.

Tatizo ni hili. Mtu akibofya ile folda, mstari wa kijani kule juu unaanza kutambaa, unatambaa weee, sekunde 20, saa nyingine 30, ndio majina yanatokea. Akishaingia ndani anatembea vizuri tu. Akiiacha akaenda kunywa chai, akirudi ni yale yale tena tangu mwanzo.

Kinachonichanganya ni kwamba nikichukua faili la MB 700 nikalikopi kutoka kwenye seva linakuja kwa MB 11 kwa sekunde, haliyumbi. Sasa mtandao mzito unakopije hivyo?

Nimesharestati kila kitu, nimebadilisha waya wa seva, nimepitisha antivairasi, nimeformati mashine moja kabisa nikaanza upya, siku mbili ilikuwa nafuu kidogo halafu nikaiseti kama wenzake ikarudi vile vile.

Bosi ameletewa bei ya seva mpya na yuko karibu kulipa. Mimi roho yangu haijatulia, sijui kama seva mpya itaponya kitu. Na msimu umeshafunguliwa, watu wanatoka vijijini wanakaa kwenye benchi pale nje, karani anawaambia subirini mtandao. Juzi kuna mama mtu mzima alikaa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, hati yake ipo kabisa kwenye folda, karani anaifungua inasuasua, anaacha anahudumia mwingine, anarudi, inasuasua tena. Iliniuma sana ile.

Mwenye ujuzi anisaidie.

#2

Weka SSD mkuu, ile diski isiyozunguka, hiyo ya kuzunguka imechoka. Kwangu niliweka ikawa kama kompyuta nyingine.

#3 Fundi wa Lindi

Marahaba mdogo wangu. Mwambie bosi wako ashike hela yake kwanza wiki hii moja tu.

Na ndugu hapo juu, SSD ni kitu kizuri, ila soma alichoandika. Waya wa megabiti 100 ukigawa kwa 8 unapata MB 12 na nusu kwa sekunde, ukitoa vinavyoliwa njiani unabaki na 11 na ushee. Yeye anapata 11. Maana yake waya, swichi na diski vyote vimempa kila kilichowezekana, huko hakuna mgonjwa. Kitu pekee anachojifunza hapo ni kwamba mtandao wake unaenda kwa 100 na haujafika gigabiti, gigabiti inataka jozi zote 4 za waya ziwe nzima, lakini hilo siyo linalomkalisha yule mama kwenye benchi.

Sikiliza nikueleze kwa nini kukopi na kufungua folda ni vitu viwili. Kukopi ni lori limeshapakiwa magunia Masasi, likiondoka linakuja mpaka bandarini halisimami. Kufungua folda ni mtoto anayetumwa dukani kitu kimoja kimoja. Nenda kaulize fulani anakaa wapi, rudi. Nenda mwambie nimekuja, rudi. Kaulize ana nini, rudi. Hiki kina ukubwa gani, kina picha gani, nani anaruhusiwa kukigusa, nenda rudi nenda rudi. Kila safari ni fupi sana, hata elfu moja hazikuchoshi, ila akikuta mlango mmoja ambao mwenyewe hayupo na yeye ameambiwa asiondoke bila jibu, basi atasimama hapo mpaka achoke. Hizo sekunde 20 zako siyo kazi, ni kusubiri. Kuna mtu anaitwa na haitiki. Kazi yako ni kumjua ni nani.

Fanya hivi. Kaa kwenye mashine moja ambayo haijagusa folda kwa dakika 20 hivi, usipime iliyotoka kufungua sasa hivi, itakudanganya. Windows inayoshea folda ikiona mgeni amekaa kimya dakika 15 inamkatia kikao chake, akirudi inabidi waanze kusalimiana upya, hiyo ndio chai yako unayoisema. Fungua dirisha jeusi la amri, andika cmd kule chini, halafu shika saa ya simu upime:

dir \\192.168.1.10\malipo

weka namba halisi ya seva yako na jina la folda lako. Andika sekunde. Subiri tena dakika 20, ni muhimu usiruke, halafu:

dir \\SEVA\malipo

kwa jina safari hii. Andika. Ukimaliza subiri tena halafu fungua kwa kubofya kama karani anavyofanya kila siku.

Ikiwa kwa namba ni haraka na kwa jina ni taratibu, ugonjwa uko kwenye kutafuta jina. Ikiwa zote mbili kwenye dirisha jeusi ni haraka ila kwa kubofya ni taratibu, seva haina kosa, ni ile Explorer (dirisha la kufungulia mafolda) ya mashine ya karani inahangaika na mambo yake. Zote zikiwa taratibu hapo ndio twende kwenye seva na waya. Niletee na majibu ya ipconfig /all, ile amri inayoonyesha namba za mtandao za mashine, usiyakate.

Halafu niambie kitu kingine, intaneti ikikatika hiyo folda inakuwa vipi?

#4

Mi nilikuwa na shida kama hiyo nikawasha SMB1 kwenye zile huduma za Windows za kuwasha na kuzima, ikapona siku hiyo hiyo. Jaribu mkuu, dakika mbili tu.

#5 Fundi wa Lindi

Hapana ndugu yangu, na hili naomba tulichukulie kwa uzito kwa sababu kuna watu watakuja kusoma uzi huu baadaye wakafuata.

SMB1 ni lugha ya kushea mafaili ya miaka ya 1980. Ndio mlango uliotumiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, kiliingia kwenye mashine moja kikajisambaza chenyewe kwenye mtandao mzima na kufunga mafaili ya watu, hospitali za Uingereza ziliahirisha wagonjwa. Dawa yake Microsoft walishaitoa Machi mwaka huo huo, waliougua ni ambao hawakuapdeti. Mwishoni mwa 2017 Windows 10 ikaanza kuja haina SMB1 ya upande wa kushea ukiiinstoli upya. Sasa ofisi yenye hati za malipo ya wakulima uifungulie mlango ule?

Najua kwa nini kwako ilionekana kupona. Zamani orodha ya mashine unayoiona ukifungua ile sehemu ya Network ilikuwa inatengenezwa na huduma ya kizamani iliyotegemea SMB1, mashine moja inachaguliwa kuwa mnyapara, wenzake wanajitangaza kwake kila baada ya dakika 12. Ukiwasha SMB1 majina yanarudi kuonekana na mtu anasema imepona. Lakini kuonekana kwenye orodha na kufunguka kwa folda ni vitu tofauti, folda inafunguka vizuri tu hata kama mashine haionekani kwenye orodha, mradi unajua jina lake.

Na hata hizo Windows 7 mbili za mizani haziihitaji, zinaongea SMB2 tangu zinazaliwa. Inayoihitaji ni Windows XP ya zamani.

#6 Mleta uzi

Kaka nashukuru sana, nimekaa ofisini mpaka saa mbili usiku. Majibu haya hapa.

Kwa namba kwenye dirisha jeusi: papo hapo, sijawahi hata kubonyeza saa vizuri.

Kwa jina: sekunde 4, mara nyingine 5. Halafu bando la ruta likaisha nikiwa naendelea (sikulipanga), nikapima tena kwa jina ikawa sekunde 13. Kwa namba bado papo hapo. Nikasimama nikatafakari, folda iko mita sita kutoka nilipokaa, bando la intaneti linahusiana nini nayo!

Kwa kubofya: 26, 31, 27.

Kwenye ipconfig nikaona DNS (yule anayeulizwa jina fulani ni namba gani) ya kwanza ni 192.168.1.5, ya pili ni 8.8.8.8 ya Google, na kuna mkia wa jina umeandikwa unaojiunga kila ukitafuta mashine. Zote zimeandikwa kwa mkono, kwenye mashine zote 14. Na mimi nilipoformati ile moja nilinakili namba hizo hizo kutoka kwa jirani yake, ndio maana ikarudi kuugua.

Nikapingi 192.168.1.5, kimya. Nikamuuliza karani wetu mkongwe, dada mmoja yupo pale tangu zamani. Akaniambia hapo kwenye kona palikuwa na seva nyingine, ya kweli, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo ikaungua, aliyeiweka alishahama mkoa. Ni kama miaka miwili.

Na bado, mashine yake ina diski ya Z kwenye This PC, ina alama nyekundu ya X. Nikamuuliza hii unaitumia? Akasema hapana iko hapo siku zote.

#7 Fundi wa Lindi

Umeifikia mdogo wangu. Seva ilizikwa miaka miwili iliyopita na mashine 14 bado zinaiita kila siku asubuhi.

Acha nikuunganishie. Karani anaandika au anabofya jina SEVA. Mashine yake haijui SEVA ni namba gani, inaenda kuuliza. Wa kwanza kuulizwa ni 192.168.1.5, marehemu. Inasubiri, hakuna jibu, inamgeukia wa pili, 8.8.8.8, huyo yuko nje ya nchi huko anajua majina ya dunia nzima ila hajui desktopu iliyoko kona ya ofisi yenu, anajibu hakuna mtu huyo. Ndio sasa inarudi ndani inapaza sauti kwenye swichi, jamani SEVA ni nani, na seva inaitika palepale. Hizo ndio sekunde 4 zako. Bando likiisha hata 8.8.8.8 hajibu, mashine inarudia kuuliza na kuuliza kwa vipindi vinavyozidi kurefuka mpaka ikate tamaa, ndio sekunde 13. Nina hakika hata intaneti yenu watu wanalalamika kwamba tovuti inachelewa kuanza halafu ikishaanza inaenda. Ni huyo huyo.

Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika intaneti ikayumba nchi nzima. Siku zile nilipigiwa simu na ofisi tatu hapa Lindi wananiambia hata folda zao za ndani hazifunguki. Zote tatu zilikuwa zimeandikiwa DNS ya nje kwa mkono, na mashine za ndani zinatafutana kwa majina yenye mkia. Mtandao wa ndani haupaswi kumtegemea mtu aliyeko ng'ambo ya bahari ili karani amfikie karani mwenzake.

Sasa zile 20 na kitu zilizobaki ni diski ya Z. Kila Explorer ikifunguka inapitia diski zote na zile njia za mkato pembeni kushoto. Z inaelekea kwa marehemu. Windows ikijaribu kuunganika na namba isiyojibu inagonga, inasubiri, inagonga tena inasubiri zaidi, mpaka ikate tamaa baada ya sekunde 20 na ushee. Ndio maana kwenye dirisha jeusi hukuiona, dir haijali Z.

Dawa:

Andika net use kwenye dirisha jeusi, itakuonyesha kila diski ya mtandao iliyounganishwa. Yoyote ya marehemu iondoe, net use Z: /delete. Ukimaliza nenda kwenye orodha ya pembeni kushoto, toa kila njia ya mkato inayoelekea kwake, na zile za hivi karibuni zifute historia yake. Watu wengi wanaondoa Z wanasahau za pembeni halafu wanasema dawa haikufanya kazi. Angalia na printa kama kuna iliyokuwa imesheiwa kutoka kwa marehemu, iondoe pia.

DNS weka ijichukulie yenyewe kutoka kwenye ruta, ule mkia futa. Halafu ipconfig /flushdns.

Seva ipe namba isiyobadilika, ifungie kwenye ruta kwa ile namba ya kadi yake ya mtandao, usiache ruta igawe hovyo maana umeme ukikatika mtaamka ina namba nyingine.

Na kwa kuwa nyie ni 14 tu, kwenye kila mashine unaweza kuandika namba ya seva na jina lake kwenye faili la hosts, liko C:\Windows\System32\drivers\etc. Notepad uifungue kwa ruhusa ya msimamizi la sivyo haitakubali kusevu, na likisevu lisiongezewe .txt mwishoni. Mashine inalisoma hilo kabla ya kwenda kumuuliza yeyote, hata bando liishe mwezi mzima.

#8 Mwalimu wa Nachingwea

Samahani naingilia, mimi si fundi ni mwalimu, ila kuna kitu kilitupata shuleni kinafanana naweza kuwaongezea.

Sisi folda iliyokuwa inasumbua ni moja tu, ya picha za wanafunzi za kitambulisho, zilikuwa zaidi ya elfu nne zote kwenye folda moja. Nyingine zinafunguka vizuri, hiyo tu unabonyeza unaenda kuandika ubaoni unarudi bado. Kijana aliyekuja kutusaidia akasema kompyuta inataka kutengeneza kijipicha cha kila picha kabla ya kuonyesha, na inalazimika kuivuta picha nzima kutoka kwenye ile kompyuta nyingine ili itengeneze kijipicha chake, na antivairasi nayo inaikagua kila moja ikipita. Akatugawia folda kwa madarasa, akaweka muonekano wa orodha yenye majina tu, akazima vijipicha. Ikaisha.

Kitu cha pili, asubuhi wa kwanza kufungua alikuwa anasubiri zaidi ya wengine wote, na baada ya mapumziko vile vile. Kumbe kompyuta yenye folda ilikuwa imesetiwa kuzima diski yake kama haijaguswa dakika 20, na kumbe ndivyo inavyokuja yenyewe. Ikiguswa lazima diski ianze kuzunguka tena. Tukaiambia isizime kamwe.

Mleta uzi umesema mna stakabadhi zilizoskaniwa, ziko ngapi kwenye folda moja?

#9 Fundi wa Lindi

Mwalimu ubarikiwe, hayo yote mawili ni ya kweli kabisa na mimi niliyasahau. Enzi za XP lilikuwepo na lingine, ukifungua mashine ya mwenzako inaanza kwanza kuchungulia kazi zake zilizopangiwa muda ndio ikuonyeshe folda, tulikuwa tunaenda kufuta mstari mmoja kwenye rejista mashine kwa mashine. Namna ya kusubiri imebadilika ila kusubiri ni kule kule.

#10 Wa Mikindani

Mimi naongelea waya maana ndio kazi yangu, na hapa pwani nyaya zina ugonjwa wake. Mleta uzi ulipima kukopi kwenye mashine moja au zote? Upepo wa bahari una chumvi. Vichwa vya RJ45 vinaota ukijani kwenye zile shaba nane, hasa mashine iliyo karibu na dirisha linaloangalia baharini au chini ya paa linalovuja. Taa ya swichi inawaka kama kawaida, ping inajibu, ila ukikopi unapata MB moja au mbili na inayumba. Nimeshakata vichwa hapa Mikindani ukivitazama kwa tochi ni kijani kitupu, nikakrimpu vipya kasi ikarudi.

Na nyaya zenyewe mnunue za shaba tupu. Zile za bei rahisi ni alumini imepakwa shaba kwa juu, kwa unyevu wa huku hazikai, na kichwani zinakatika kirahisi. Kwenye duka wanaziita za kawaida. Kwangua kidogo kwa kisu, ikitokea nyeupe ndani rudisha.

Kingine, kama kuna mtu aliwahi kuseti kadi ya mtandao kwa mkono iende 100 pande mbili kwa wakati mmoja, irudishe kwenye kujichagulia. Upande mmoja ukilazimishwa na mwingine unajichagulia, yule anayejichagulia anaangukia kwenye kuongea kwa zamu, wanagongana njiani siku nzima.

#11 Mleta uzi

Wakuu, naandika nikiwa nimechoka ila nimefurahi, ngoja niseme yote.

Jana Jumapili niliingia ofisini peke yangu. Mashine 14, nikaanza ya karani mkongwe. Net use ikaonyesha Z na nyingine Y, zote za marehemu. Nikazitoa. Pembeni kushoto kulikuwa na njia za mkato nne za huko huko. Printa moja pia. DNS nikaiachia ruta, mkia nikafuta, hosts nikaandika. Nikaizima nikaiwasha, nikaiacha dakika 20 kama ulivyosema kaka, nikafungua kwa kubofya.

Sekunde moja. Nikadhani nimebofya kitu kingine. Nikafunga nikafungua.

Nikafanya zote. 11 zikapona hapo hapo. Tatu zikabaki.

Ya kwanza ilikuwa ya dirishani, Wa Mikindani umenisaidia, kukopi ilikuwa MB 2 inapanda inashuka. Nikatoa kichwa nikakiangalia, kijani kama ulivyosema. Nikakrimpu kipya pande mbili, 11 kama wenzake. Ile siku ya kwanza nilipima kukopi kwenye mashine moja tu nikaamini zote ziko hivyo.

Mbili nyingine ni za pale wanapoangalia stakabadhi zilizoskaniwa. Mwalimu, nilihesabu, faili 6,200 na kitu kwenye folda moja, misimu yote imo humo. Nilizigawa kwa msimu halafu kwa mwezi, vijipicha nikazima. Seva nayo diski ilikuwa inalala baada ya dakika 20, nimeikataza.

Leo asubuhi nilikaa pale mapokezi toka saa moja na nusu. Sikumwambia dada karani kitu. Alipokuja akabofya, akasita, akanigeukia akauliza umefanya nini. Mpaka saa nne benchi lilikuwa na watu watatu, siku za msimu saa nne huwa wamejaa mpaka chini ya mwembe.

Bosi nimemwambia hela ya seva aisimamishe. Nimemuomba anunue UPS moja (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya seva na boksi moja la waya wa shaba, amekubali. Vinakuja na basi kutoka Dar.

#12

Swali wakuu. Mimi nina mashine 26 na folda iko kwenye Windows 10 ya kawaida kama hii. Wengine wakifika wanaambiwa hakuna nafasi tena, wengine wanapita. Nayo ni DNS?

#13 Fundi wa Lindi

Hapana, hiyo ni sheria ya Windows yenyewe. Windows 10 na 11 za kawaida zinakubali wageni 20 tu kwa wakati mmoja, wa 21 anarudishwa mlangoni. Huwezi kuibadilisha kwa kuseti. Wewe sasa ndio wa kufikiria seva kweli, au kisanduku cha diski cha mtandao kinachotumia Linux na Samba (programu ya kushea mafaili), hicho hakina ukomo huo wa 20. Kwa muda fungua net session kwenye mashine yenye folda uone waliokaa bure, na kile kipindi cha kukata wanyamavu unaweza kukipunguza kutoka dakika 15 kwenda 5, net config server /autodisconnect:5.

Mleta uzi, hongera sana. Ila niambie kitu kimoja, zile Windows 7 za mizani zinaingia intaneti? Microsoft waliacha kuziapdeti Januari 2020. Kama programu ya mizani haihitaji intaneti, zifunge zisitoke nje kabisa, zione folda tu.

#14 Mleta uzi

Zilikuwa zinatoka kaka. Nimezifungia leo kwenye ruta, mizani inafanya kazi kama kawaida na folda wanaiona.

Kitu kingine cha mwisho. Jana jioni umeme ulikatika saa moja hivi ukarudi usiku, UPS bado iko njiani. Asubuhi niliwahi nikiwa na wasiwasi. Seva imewaka yenyewe, namba ni ile ile, nikaenda mashine moja moja zote 14 nikiwa na saa mkononi. Iliyochelewa kuliko zote ni sekunde 2. Na bando lilikuwa limeisha tangu usiku.